Barabarani Sema Pole, Usiseme Nisamehe

Jioni moja ya masika, katika Barabara ya Mandela karibu na Tabata, jijini Dar es Salaam, niligonga bajaji kwa nyuma. Hakuna aliyeumia, ila bampa yangu ilipasuka na bodi ya bajaji ikabonyea. Nilishuka nikitetemeka, na kabla dereva mwenzangu hajafungua kinywa nilikwisha kumwambia: "Nisamehe sana kaka, kosa ni langu, nitakutengenezea kila kitu." Tulikwenda kwenye kibanda cha wakala wa fedha, tukaomba karatasi ya daftari na kuandikishana kwamba mimi ndiye niliyesababisha ajali na kwamba nitalipa gharama zote. Wakala akatia sahihi kama shahidi, nasi tukaagana kwa amani.

Kesho yake mwenye bajaji, ambaye siye aliyekuwa akiiendesha, aliona fedha nilizoahidi hazitoshi, akaenda polisi. Vyombo vyote viwili vilipokaguliwa ilionekana kwamba taa za breki za bajaji ile hazikuwa zikiwaka kabisa. Sisemi kwamba sikuwa na kosa, maana inawezekana nilikuwa nimemkaribia mno, lakini jambo hilo lilistahili kupimwa na wenye kazi yao. Kampuni ya bima ilipoisoma karatasi yetu ya daftari ilinionyesha sharti lililokuwamo katika mkataba wangu mwenyewe, ambalo sikuwahi kulisoma: mwenye bima asikiri kosa, asiahidi wala asilipe chochote bila idhini yao ya maandishi. Nililipa mfukoni mwangu, kwa awamu tatu.

Tangu siku hiyo nimeamini kwamba mtu aliyetoka kugonga au kugongwa ndiye asiyefaa kabisa kueleza chanzo cha ajali. Moyo unamwenda mbio, ameona upande mmoja tu wa tukio, hajui hali ya matairi ya mwenzake, wala hajui kama aliyekuwa mbele aliwasha indiketa. Kuna trafiki wa kupima barabara kwa futi na kuchora ramani ya ajali, kuna mkaguzi wa magari, na kuna fomu ya PF90, yaani taarifa ya polisi kuhusu ajali, ambayo kampuni ya bima itaidai. Neno la dereva aliyechanganyikiwa halipaswi kutangulia mbele ya yote hayo.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaoshauri kwamba ukishagonga ujifungie ndani ya gari na kunyamaza kimya. Kwetu mtu anayenyamaza mbele ya aliyeumia anaonekana hana utu, na hasira ya watu waliokusanyika inaweza kuwaka kwa sababu ya ukimya huo tu. Tena sisi wenye Kiswahili tumejaliwa neno ambalo wenzetu wa Kiingereza hawana. Neno lao moja, "sorry", hubeba huruma na kukiri kosa kwa pamoja, kiasi kwamba huko Kanada jimbo la British Columbia mwaka 2006, na la Ontario mwaka 2009, yalilazimika kutunga sheria inayosema kwamba kuomba radhi si kukiri kosa. Kwetu maneno hayo yametengana tangu zamani. "Pole" humwendea aliyefikwa na jambo, hata kama wewe hukuhusika. "Nisamehe" husemwa na mkosaji. Basi mwambie mwenzako pole, tena kwa moyo wote, muulize ameumia wapi, mtafutie gari la kumpeleka hospitali, umkinge na jua.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 yenyewe inakutaka usimame, umsaidie majeruhi, utoe jina na anwani yako, na utoe taarifa polisi. Hayo yatimize bila kusita na bila uongo. Ikiwa utahojiwa kama mtuhumiwa, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka askari akuonye kwamba hulazimiki kujibu zaidi ya jina na anwani, na kwamba utakayosema yanaweza kutumika kama ushahidi. Vilevile una haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Onyo hilo lichukuliwe kwa uzito wake. Picha na sauti za kwenye makundi ya WhatsApp nazo zisubiri.

Kuna neno jingine linaloniumiza zaidi, nalo ni "mzima". Tumelelewa kujibu salama kwanza, hata mgonjwa aliyelala kitandani huanza na salama kabla ya kutaja homa. Shangazi yangu alikuwa ndani ya daladala iliyogongana na lori, na askari alipopita akiandika majina ya majeruhi alimjibu, "Mimi mzima, mwanangu, waangalie hao wengine." Siku ya tatu hakuweza kugeuza shingo. Hospitali walimtaka alete PF3, fomu ya polisi ya majeruhi kutibiwa, na alipofika kituoni jina lake halikuwamo katika orodha. Kwa wiki mbili nilimpeleka na kumrudisha, huku ameshika shingo kwa mikono miwili, akimweleza kila askari wa zamu kwamba siku ile alisema mzima kwa sababu pembeni yake kulikuwa na mtoto anayelia.