Bati au kigae: hesabu ya paa kwa anayejenga Moshi na Arusha

Anayejenga nyumba Moshi au Arusha hulifikia swali la paa akiwa amekwisha kuchoka. Msingi umemeza fedha kuliko alivyokadiria, hasa kama kiwanja kiko kwenye mteremko, kuta zimepita lenta, na kila ndugu anayepita uwanjani ana maoni yake. Wapo wanaoona kwamba nyumba isiyo na vigae haijakamilika, na wapo wanaoona kwamba vigae ni fahari tu, kwa kuwa bati nalo huzuia mvua. Pande zote mbili zina hoja. Tatizo ni kwamba zote hulinganisha kile kinachoonekana kutoka barabarani, na kusahau mbao zilizo chini yake, maji yatakayoteremka juu yake, na mtu atakayekuwepo kulitazama paa hilo mwaka hadi mwaka.

Mbao ndizo zinazostahili kutangulia. Vigae vya saruji huwa na uzito wa takriban kilo 45 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo paa la mita za mraba 150 hubeba karibu tani saba, na hapo hatujahesabu kenchi zenyewe, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, wala mafundi watakaolikanyaga. Bati nene la kuezekea paa hilo hilo halifiki hata tani moja. Tofauti hiyo haiishii kwenye mzani. Papi za vigae, yaani mbao zinazolazwa juu ya kenchi, hupangwa kwa nafasi ya sentimita 30 na ushei, wakati za bati zinaweza kuachana kwa karibu mita moja, na kenchi za vigae hutakiwa kuwa za mbao nene zaidi na za karibu karibu. Mtu akiambiwa bei ya vigae dukani huwa ameambiwa sehemu tu ya gharama. Akijaribu kuokoa kwa kutumia mbao mbichi, ambazo hazijakauka wala kutiwa dawa, ataliona paa lake likibonyea kama mgongo wa punda mzee kabla masika ya tatu hayajapita. Nimeona nyumba ya namna hiyo njia ya kwenda Kibosho: vigae vyake ni vizuri kabisa, havina ufa hata mmoja, ila mstari wa kofia, pale juu kabisa ya paa, umepinda na maji yanaingia pale vigae vilipoachana.

Hata hivyo, wanaotetea vigae vya saruji wana jambo zito la kusema kuhusu joto na kelele. Moshi mjini iko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na Januari na Februari huwa na mchana ambao nyumba ya bati isiyo na dari haikaliki. Kigae hupata joto polepole, na mvua ikinyesha juu yake watu huendelea kuzungumza bila kupaza sauti. Arusha mjini, iliyo kwenye kiasi cha mita 1,400, pamoja na vijiji vya juu vya Machame na Marangu, shida hugeuka: usiku wa Juni na Julai bati hupoa haraka kuliko hewa iliyo ndani, mvuke unageuka maji chini yake, na asubuhi linatoa jasho ambalo hudondokea dari na kuacha madoa ya kahawia. Mwenye nyumba humwita fundi azibe mahali panapovuja, fundi anapanda, hakuti tundu lolote.

Lakini shida hizo zote mbili ni za bati lililo peke yake. Bati lililolazwa juu ya karatasi ya nailoni ya kuzuia unyevu, likiwa na dari iliyofungwa vizuri na matundu ya kupitisha hewa kwenye pembetatu za ukuta, hupunguza joto na jasho kwa gharama ambayo mara nyingi ni ndogo kuliko nyongeza ya mbao za vigae. Kwa maoni yangu hapa ndipo bati linapodhulumiwa: hulinganishwa likiwa uchi na kigae kilichovikwa kila kitu.

Linadhulumiwa pia na wanaolinunua. Unene wa bati hutajwa kwa geji, na namba ya geji ikipanda, unene hushuka, kwa hiyo geji 32 ni jembamba kuliko geji 28, na bado wapo wanaodhani kinyume chake. Bati la geji 32 hufaa banda la kuku. Kwenye nyumba, fundi akilikanyaga hubonyea, na upepo hulilegeza kwenye misumari. Rangi nayo hudanganya macho, kwa sababu msauzi, yaani bati la rangi, wa kupendeza unaweza kuwa mwembamba kama karatasi. Anayetilia shaka unene na alipime kwa maikromita, au alipime uzito, kabla hajashusha mzigo. Yapo pia mabati yaliyopakwa mchanganyiko wa alumini na zinki, ambao alumini yake ni asilimia 55. Hayo huchelewa kupata kutu kuliko ya zinki tupu, ila hayapatani na saruji mbichi, na mahali yanapokutana na lipu yasipotenganishwa nayo huanza kulika. Mafundi wengi huyakata kwa grainda, na cheche zake huunguza mipako na kuacha vidoa vya kutu vinavyotokea baada ya miezi michache.

Katikati ya pande hizo mbili kuna vigae vya chuma vilivyopakwa chembe za mawe. Ni vyepesi, takriban kilo saba kwa mita ya mraba, havina kelele ya bati, na sura yake huwaridhisha wanaotaka kigae. Bei yake ndiyo inayowaangusha wengi.

Jambo ambalo sijasikia likitajwa mara nyingi katika mabishano haya ni maji. Maeneo mengi yanayouzunguka Mlima Meru, Maji ya Chai na Ngurdoto yakiwemo, yana maji ya ardhini yenye floridi nyingi, na meno ya kahawia ya watu waliokulia huko ni ushahidi tosha. Mvua haina shida hiyo. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja, kwa hiyo nyumba iliyofunika mita za mraba 120 ikipata milimita 50 katika usiku mmoja wa Aprili huteremsha lita 6,000, kiasi cha kujaza simtanki la lita 5,000 hata baada ya kumwaga maji ya mwanzo yenye vumbi. Kwa kazi hii bati lililopakwa vizuri ni bora: ni laini, husafishwa na mvua yenyewe, na halioti kuvu. Kigae cha saruji chini ya migrivea na miparachichi huota kuvu la kijani na kushika majani, na kile chenye chembe za mawe hudondosha mchanga kwenye mifereji katika misimu ya mwanzo.

Mifereji inanirudisha kwa mtu wa kulitazama paa. Nyumba nyingi za vihambani, yaani kwenye mashamba ya ukoo, hujengwa na watu wanaoishi Dar es Salaam na kurudi Desemba. Kigae kilichovunjwa na tawi mwezi Machi kitakaa hivyo miezi tisa, na masika yote yatakuwa yamepitia hapo hadi kwenye mbao. Kwa mwenye nyumba wa namna hiyo ningechagua bati la geji 28, mteremko mkali, kona chache. Paa lililofichwa nyuma ya ukuta, ambalo sasa linapendwa sana, nisingemshauri kabisa, kwa sababu mfereji wake wa ndani ukizibwa na majani maji hayana pa kwenda ila sebuleni.

Kigae cha saruji ningemwachia anayejenga tambarare ya Moshi mjini, mbali na miti mikubwa, anayeishi humo mwaka mzima, na ambaye amenunua mbao kavu miezi kadhaa kabla ya kupaua. Na anunue vigae ishirini vya akiba, avihifadhi stoo, kwa kuwa baada ya miaka kumi rangi ile ile haitapatikana.