Mhandisi mmoja, mji mzima

Katika jiji kubwa faili la kibali cha ujenzi huzunguka meza nyingi. Katika mji mdogo lina meza moja tu, na mara nyingi mwenye meza yuko saiti. Malalamiko mengi yanaanzia hapo, na sehemu kubwa ni ya haki. Mtu anataka kuongeza chumba kimoja nyuma ya nyumba. Ramani inarudishwa na wino mwekundu kwa kuwa mchoraji hakuonyesha umbali kati ya shimo la maji taka na kisima. Ni kosa la kurekebishwa kwa dakika tano, lakini akirudi nalo anawekwa mkiani mwa foleni. Tofali zinanyeshewa, riba ya mkopo haisubiri. Wengine huamua kujenga Jumamosi na Jumapili, ofisi zikiwa zimefungwa, faini watajua mbele ya safari.

Lakini anayesema kibali ni karatasi tu hajamwona mhandisi akichuchumaa kwenye mtaro wa msingi kabla ya zege kumwagwa. Anatafuta kitu kidogo (si kile kingine, ingawa nacho kipo): nondo zimeinuliwa, au zimelala kwenye udongo? Zikilala, zege halizifuniki kwa chini, unyevu unazifikia na kutu inaanza kazi. Zege likishamwagwa, hakuna wa kuliona kosa hilo tena.

Na udogo wa mji una hatari yake: wakubwa wa ofisi na wakubwa wa ujenzi wanajuana. Jengo la Rana Plaza, lililoporomoka Aprili 2013 huko Savar, Bangladesh, na kuua watu zaidi ya 1,100, lilikuwa na kibali cha manispaa ya Savar. Mamlaka ya uendelezaji ya Dhaka ilisema kibali hicho kilipaswa kutoka kwake. Ghorofa za juu ziliongezwa bila ruhusa.

Wapo wanaotaka ofisi ikikaa kimya kupita muda uliowekwa, kibali kihesabiwe kimetolewa. Kwa ukuta wa uzio, sawa. Kwa ghorofa, kimya hakipimi nondo. Wengine wanataka wakaguzi binafsi. Uingereza iliwaruhusu tangu miaka ya 1980, lakini sheria ya 2022 iliwanyima wenye majengo ya makazi ya mita 18 au ghorofa saba na kuendelea nafasi ya kujichagulia mkaguzi. Anayekulipa ni vigumu kumwambia bomoa.

Mimi ningeanza na ramani za nyumba za kawaida zilizopitishwa mapema: unachagua, kinachokaguliwa ni kiwanja chako tu. Nyumba zitafanana na wachoraji watakosa kazi. Hasara hiyo naikubali, maana mhandisi atapata muda wa kwenda kwenye mitaro. Shida ni gari la kumfikisha huko. Bajeti ikibana, mafuta ndiyo ya kwanza kukatwa.