Kabla Hujaenda Kulima Ng'ambo Bila Mshahara

Vijana wengi waliosomea kilimo Njoro, Kitale au Kisumu wana swali moja: ni kweli mtu anaweza kukaa Ulaya mwezi mzima bila kulipia nyumba wala chakula, mradi tu alime? Ni kweli. Ila anayejibu hivyo na kunyamaza amekuambia nusu tu ya habari.

Mpango wenyewe si mgeni. Mwaka 1971 Sue Coppard, katibu muhtasi wa London aliyechoka kukaa mjini, alipanga wikendi ya kazi kwenye shamba la Emerson College, Sussex, na hapo ndipo ilipozaliwa WWOOF, mtandao unaowaunganisha wanaojitolea na wenye mashamba. Leo nchi nyingi zina shirika lao, na kwa kawaida uanachama hulipiwa nchi kwa nchi: ukilipia Ureno hujalipia Italia. Ukishalipa unaona orodha ya mashamba ya kilimo hai, yaani yasiyotumia kemikali za viwandani, unawaandikia wenyewe, mnaelewana tarehe. Mitandao kama Workaway na HelpX hufuata utaratibu unaofanana na huo, ingawa humo kuna pia hoteli na watu wanaotafuta wa kuwapakia rangi nyumba.

Makubaliano ya kawaida ni saa 4 hadi 6 za kazi kwa siku, siku 5 au 6 kwa wiki. Mwenyeji anatoa kitanda na milo. Hakuna pesa inayobadilisha mikono.

Hebu tupige hesabu. Saa 5 kwa siku, siku 5, wiki 4: hizo ni saa 100. Kima cha chini cha mshahara Ujerumani mwaka 2025 kilikuwa euro 12.82 kwa saa, kwa hiyo jasho hilo lingelipwa euro 1,282 kabla ya kodi. Mwenyeji anakurudishia chumba, chakula na ujuzi. Ujuzi ukiwepo, umefanya biashara nzuri. Lakini ukiachwa peke yako na safu za karoti zisizo na mwisho huku mwenye shamba yuko sokoni kila siku, wewe ni kibarua asiyelipwa, hata kama chakula cha jioni ni kitamu.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wa magharibi ya Kenya hatupaswi kulisahau. Mashamba ya Ulaya hulilia mikono kuanzia Aprili hadi Septemba. Huku Kakamega na Trans Nzoia, mahindi ya mvua ya masika hupandwa Machi na Aprili, na palizi ya kwanza huja wiki mbili au tatu tu baada ya miche kutokeza. Anayeondoka Mei anaacha palizi ya nyumbani, mamake anaajiri kibarua kwa pesa taslimu, naye yuko Bavaria anampalilia mtu bure. Sisemi usiende. Nasema gharama hiyo iwe kwenye hesabu yako.

Sasa viza, maana hapa ndipo wengi huangukia. Ada ya viza ya Schengen, ile moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na lazima uwe na bima ya safari inayogharimia matibabu ya angalau euro 30,000. Inakuruhusu siku 90 ndani ya kila siku 180. Lakini ni viza ya kutembea. Nchi nyingi huhesabu kazi ya kubadilishana na chakula na malazi kuwa kazi kamili, hata kama hujashika senti. New Zealand inasema wazi kwamba anayefanya kazi kwa mtindo wa WWOOF anahitaji viza inayoruhusu kazi. Uingereza inamruhusu mgeni kujitolea kwa siku zisizozidi 30 tu, tena kwa shirika la hisani lililosajiliwa. Shamba la mtu binafsi haliingii hapo. Ukimwambia ofisa wa mpakani kwamba unaenda kutalii na simu yako imejaa ujumbe wa mwenyeji kuhusu saa za kukamua mbuzi, usishangae ukirudishwa na ndege iliyokuleta. Andika ukweli kwenye fomu, na kabla ya kununua tiketi uulize ubalozi kwa maandishi.

Kwa Mkenya aliye chini ya miaka 27, njia ninayoiona kuwa ya maana kuliko zote ni ile ya Ujerumani iitwayo Freiwilliges Ökologisches Jahr, yaani mwaka wa kujitolea kwa mazingira. Kwa kawaida ni miezi 12. Unapewa posho, unalipiwa bima, mara nyingi na makazi, na kuna siku 25 za semina ndani ya mwaka. Baadhi ya vituo vyake ni mashamba ya kilimo hai. Unapewa kibali cha kukaa kinachoeleza hasa unachokwenda kufanya, kwa hiyo huna cha kumficha mtu. Sharti lake gumu ni lugha: Kijerumani cha msingi lazima ukianze ukiwa hapa hapa, na kuomba nafasi ni kazi ya karibu mwaka mzima. Wenye haraka hawaipendi njia hii, na ndio hao wanaoishia mikononi mwa mawakala.

Mawakala nitawapitia haraka. Mtu anayekuuzia "kujitolea" kwenye shamba la Ulaya na wakati huo huo anakuahidi mshahara amekudanganya angalau mara moja, maana vitu hivyo viwili haviendi pamoja. Uanachama wa WWOOF hulipwa moja kwa moja kwa shirika la nchi husika. Mwenyeji wa kweli hakuombi utume pesa za "kushughulikia viza".

Sasa tuje kwenye udongo. Maoni yangu ni kwamba mtu asipande ndege kwenda kujifunza mboji. Mboji ajifunzie hapa, aende kule akiwa fundi. Kituo cha mafunzo ya kilimo cha Manor House pale Kitale kimefundisha uchimbaji wa vitanda vya kina mara mbili, sentimita 30 na nyingine 30 chini yake, tangu miaka ya 1980. Molo kuna chuo cha Baraka. Gilgil kuna Seed Savers Network ya mbegu za kienyeji. Mbita, kando ya ziwa, wataalamu wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, wamefanyia kazi mfumo wa sukuma-vuta: mmea wa desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi humfukuza nondo wa kiwavi cha mabua na kulizima gugu la striga, lile Waluo wanaloliita kayongo, na matete (napier) ya pembeni yanamvuta nondo atoke nje ya shamba. Mzungu wa kilimo hai atakusikiliza jioni nzima ukimweleza jambo hilo vizuri.

Mboji yenyewe jipime nayo. Tafuta kivuli, pima upana wa mita 1.5, tifua ardhi, panga mabua ya mahindi ya sentimita 20 ili hewa ipite chini. Juu yake weka majani makavu sentimita 15, mabichi sentimita 15, samadi sentimita 5, kisha udongo wa juu kidogo na jivu la kuni kiasi cha kunyunyiza tu. Tithonia, yale maua ya manjano yaliyojaa kando ya barabara za Maseno na Vihiga, ndiyo majani mabichi bora kwa sababu yana naitrojeni nyingi. Mwagia maji kila tabaka, rudia mpaka kimo cha mita 1.2 au zaidi, funika kwa majani ya migomba. Chomeka kijiti kirefu kwa mshazari hadi katikati. Siku ya nne kichomoe. Kikiwa cha moto na kina unyevu, mambo yanakwenda. Kikiwa kikavu na kina ukungu mweupe, ongeza maji. Kikinuka vibaya, umezidisha maji au majani mabichi, na lundo limekosa hewa: lipindue na uchanganye mabua makavu. Kikiwa baridi tangu mwanzo, samadi au majani mabichi ni haba, au lundo ni dogo. Lundo lisilofika mita moja kila upande halishiki joto, na Ulaya ya Aprili kosa hilo huonekana mara mbili. Lipindue baada ya wiki tatu, na tena baada ya tatu nyingine.

Anayejua hayo bado atakosea kule, na kosa la kwanza huwa ni jembe. Mashamba mengi madogo ya mboga Ulaya hayachimbi kabisa. Huweka mboji juu ya kitanda, hupanda humo humo, na mwenyewe akikukuta unainua jembe hadi begani na kulishusha kwa nguvu zile za Bungoma, atapiga kelele. Umekata mpira wa maji ya matone na umevuruga udongo alioutunza miaka kumi. Palizi yao ni ya kukwangua juu, kina cha sentimita moja au mbili, kwa kijembe chembamba chenye mpini mrefu, jua likiwa kali ili magugu yakauke hapo hapo. Usikanyage kitanda pia, hata hatua moja.

Kosa la pili ni dawa za kienyeji. Huku tukiona vidukari kwenye sukuma wiki tunachanganya jivu, pilipili na sabuni, tunanyunyiza. Kwenye shamba lenye cheti cha kilimo hai kila kinachopulizwa lazima kiwe kimeruhusiwa na kiandikwe kwenye rekodi, na sabuni ya unga ya kufulia haimo. Unaweza kumponza mwenyeji mbele ya mkaguzi kwa nia njema kabisa. Aliyewahi kufanya kazi na alama ya Kilimohai ya Afrika Mashariki atalielewa hili bila kuelezwa.

Ukijikuta kwenye shamba la baiodinamiki, la wafuasi wa mihadhara ya kilimo ya mwanafalsafa Rudolf Steiner ya mwaka 1924, utapewa pembe ya ng'ombe iliyojazwa samadi na kufukiwa ardhini majira yote ya baridi. Kilichomo hutiwa majini kidogo na kukorogwa kwa mkono saa nzima, upande huu kisha ule. Koroga. Huko ni ugenini, na ubishi wa kisayansi unaweza kungoja mpaka vyombo vioshwe.

Barua ya kwanza kwa mwenyeji iwe fupi na yenye vipimo. "Napenda mazingira" ni maneno matupu. Mwambie umetunza kuku 200, unakamua kwa mkono, unajua kuatika miche. Kisha uliza bila aibu: saa ngapi kwa siku, siku gani ya mapumziko, nalala peke yangu au tunashirikiana chumba, nani anapika, mnakula nyama, kituo cha basi kiko umbali gani, nikiumia nani analipa. Asiyejibu swali la saa kabla hujafika hatalijibu ukishafika. Na weka akiba ya nauli ya kuondokea usiyoigusa, maana aliyeishiwa pesa shambani kwa mtu hana sauti ya kulalamika.

Kwa mara ya kwanza ningemshauri mtu avuke Busia tu. Uganda unaingia kwa kitambulisho chako na cheti cha homa ya manjano, sindano iwe imepita siku 10; cheti hicho ni cha maisha. Au ashuke Tanzania hadi Morogoro, kwa Sustainable Agriculture Tanzania, aulizie mafunzo yao. Wiki tatu za kuamka saa kumi na moja kwenye shamba la mtu usiyemjua zitakuonyesha kama kazi hii unaiweza, na nauli yake haifiki hata sehemu ya kumi ya tiketi ya Frankfurt.

Viatu vyako vya mpira vioshe na kuvisugua mpaka kwenye mikunjo ya soli kabla ya kufunga begi. Australia na New Zealand hukagua udongo kwenye viatu, na usipoutaja kwenye fomu unapigwa faini. Wakati wa kurudi, zile mbegu za nyanya za zambarau alizokupa mwenyeji kwenye bahasha ziache huko huko, isipokuwa una kibali cha KEPHIS, shirika la Kenya la ukaguzi wa afya ya mimea, na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi unayotoka.