Binti aliyekwenda kusoma fizikia: arudi au abaki?

Mwaka 1956 Chien-Shiung Wu na mumewe walikuwa wameshakata tiketi za meli ya Queen Elizabeth. Miaka 20 ilikuwa imetimia tangu aondoke China kwenda kusoma fizikia Marekani, na safari hiyo ingewafikisha hadi Mashariki ya Mbali. Mume alisafiri peke yake. Wu alibaki akienda na kurudi kati ya New York na maabara moja ya Washington, akipoza kobalti-60, metali yenye mionzi, hadi karibu kabisa na kikomo cha baridi, ili aone kama maumbile hubagua kushoto na kulia. Yakaonekana yanabagua. Mwaka uliofuata Nobeli ikaenda kwa wanafizikia Lee na Yang, waliouliza swali hilo kwenye karatasi. Aliyelijibu maabarani hakupewa kitu. China hakuikanyaga tena hadi 1973, wazazi wake wakiwa wameshafariki.

Mimi humkumbuka Wu kila unapozuka ubishi huu: msichana akifadhiliwa kusomea uzamivu (PhD) wa fizikia ng'ambo, mkataba umbane arudi?

Wanaosema abanwe hawasemi upuuzi. Fedha ikiwa ya umma, umma una haki ya kudai chake. Tena kuna msichana wa kidato cha pili, anayeamua kama ataendelea na fizikia au ataiacha, na hajawahi kumwona mwanamke akiifundisha. Kila anayebaki Ulaya ni mwalimu ambaye huyo msichana hatampata.

Lakini arudi wapi? Maria Skłodowska aliondoka Warsaw 1891 kwa sababu chuo kikuu cha huko hakikupokea wanawake. Alipomaliza Paris alitaka kurudi Poland. 1894 akajaribu Kraków, akakataliwa kwa kuwa ni mwanamke. Ndipo akageuza njia, akawa Marie Curie wa Ufaransa. Sharti la kurudi lingemfaa nini, na Poland ingefaidi nini?

Kuna jambo ambalo wabishi wengi huliruka: fizikia si moja. Wa nadharia anaweza kurudi na kompyuta yake, akaendelea. Wa majaribio anahitaji heliamu ya kimiminika ya kupozea, fundi, vipuri, na umeme usiokatika katikati ya kipimo. Ukimrudisha pasipo na hivyo, umempata mhadhiri na umempoteza mtafiti. Naye anayebaki huko hana raha moja kwa moja: baada ya uzamivu ni mikataba ya miaka miwili miwili, leo Ujerumani, kesho Kanada, katika umri uleule wa kuzaa. (Na simu za mashangazi haziishi.) Mwanamume mwenzake mara nyingi huhama na mke anayemfuata, wangapi kati yetu wangemfuata mke?

Mimi naegemea njia ya Abdus Salam, mwanafizikia wa Pakistan. Alirudi Lahore 1951, akajikuta hana wa kuzungumza naye fizikia, akaondoka 1954. Miaka kumi baadaye alianzisha ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia, huko Trieste, Italia, chenye mpango wa kumwalika mwanasayansi mara kwa mara kwa wiki au miezi kadhaa, kisha arejee kazini kwao. Mjini humohumo kuna OWSD, shirika linalofadhili wanawake wa nchi zinazoendelea kusomea uzamivu katika nchi nyingine za Kusini. Na tangu 2018 Kigali ina taasisi ya fizikia iliyo mshirika wa ICTP. Kwa binti wa Mwanza, hiyo ni safari ya basi.

Kwenda na kurudi nako kuna gharama yake, na hulipwa nyumbani. Idara yenye wahadhiri wanne, mmoja wao mwanamke, ikimpa ruhusa ya miezi miwili, vipindi vyake atavishika nani? Na akirejea, atakuta bado ana maabara, au atakuta imegeuzwa stoo ya viti?