Mjomba Apanda Jukwaani

Mjomba wangu ni fundi mitambo wa harusi huko Majengo, Mombasa. Spika ikipiga mluzi wakati bibi harusi anaingia ukumbini, yeye ndiye hutukanwa kabla hata ya mpishi. Kwa hivyo sauti ile ya "wiiiii" haivumilii. Akiisikia, mikono humwasha.

Alikuja Nairobi kununua spika Luthuli Avenue, na mimi jioni hiyo nilikuwa na tiketi za onyesho la muziki wa majaribio, kila msanii peke yake jukwaani, hana bendi wala waitikiaji. Kumwacha nyumbani agombee rimoti na mke wangu sikuthubutu. Nikaenda naye. Boksi lake la spika tukaliacha nje kwa bawabu, chini ya mti.

Alianza dada mmoja mpole na kompyuta yake. Mtindo ni ule uliomfikisha KMRU, kijana wa Nairobi, kwenye majukwaa ya Ulaya: unarekodi sauti za mazingira, unazivuta, unazipanga upya. Honi za matatu zikalia, zikazama polepole, kisha mvua ikapiga mabati. Tamu kweli, hadi nikafumba macho. Kufumbua, kiti cha Mjomba kitupu. Alirudi akihema, boksi kalikumbatia.

"Nje kukavu," akaninong'oneza, kwa sauti ya mtu aliyetapeliwa.

Akapanda kijana mwenye rasta. Mbele yake mikisa tu, ile mashine ya kuchanganyia sauti, hakuna gitaa wala kinanda. Kazi yenyewe ni hivi: waya unatoka pale mikisa inapotolea sauti, unarudishwa pale inapopokelea, mashine inabaki kujisikiliza yenyewe mpaka inalia. Mjapani Toshimaru Nakamura amejijengea jina kwa upigaji huo tangu miaka ya 1990. Nilitaka kumweleza Mjomba mapema, lakini alikuwa bado anapapasa boksi kutafuta unyevu.

Wiiiiiii!

Mjomba akasimama.

"Mjomba, keti, ndio muziki wenyewe."

"Muziki gani? Mtoto wa watu anaaibika mbele za watu, nasi tumekaa tu!"

Akanibwagia boksi mapajani. Spika za harusi zile, si za sebuleni. Nilibanwa pale pale, nikabaki kumtazama akipanda jukwaani, kanzu kaipandisha kidogo. Akachutama, akafuata waya kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho, akamtazama kijana kwa huruma. "Nani kakufungia hivi, mwanangu?" Akauchomoa.

Kimya.

Akaivuta mikrofoni iliyokuwa pembeni. "Alo, alo. Moja, mbili. Haya baba, endelea."

Ukumbi mzima ukalipuka kwa makofi. Bwana mmoja mbele yangu akafungua daftari, akaanza kuandika mbio mbio.

Kijana, Mungu ambariki, hakununa. Alibonyeza kitu kwa mguu, na ile "alo, alo, moja, mbili" ikaanza kujirudia, mara nzito, mara nyembamba, mara kinyumenyume, hadi onyesho likaisha. Mjomba aliisikiliza yote akiwa amesimama papo hapo jukwaani, mikono nyuma, uso kaukunja.

"Umeonaje?" nikamuuliza tukitoka, boksi likiwa bado kwangu.

"Besi ndogo."

Kisha akamgeukia binti wa mlangoni aliyekuwa akihesabu tiketi. "Mwanangu, hapa fundi analipwa na nani?"