Sauti za Veda, Kutoka Kisutu Hadi Leicester

Hapa Leicester, Uingereza, mantra ya Gayatri, aya ya sala kutoka Veda, maandiko matakatifu ya kale ya Wahindu, husikika hadi kwenye kumbi za yoga: watu hujilaza sakafuni, spika inapiga rekodi taratibu, na mwalimu anawahakikishia kwamba mitetemo yenyewe ya Kisanskriti, lugha ya Veda, itawaondolea uchovu wa kazi. Mimi niliyekulia Kisutu, Dar es Salaam, mtaa wa mahekalu ya Kihindu, siiamini ahadi hiyo, wala sikubaliani na vijana wetu wanaodai kwamba sauti hizo zimepitwa na wakati.

Shaka juu ya sauti hizi si ya leo. Yaska, mtaalamu wa lugha wa India ya kale, anamtaja Kautsa aliyeshikilia kwamba mantra za Veda hazina maana, kisha anamjibu kwamba kipofu asipoiona nguzo, kosa si la nguzo.

Kwa maoni yangu, sauti hizi hufanya kazi katika kinywa cha mtu aliyefundishwa. Gayatri, iliyomo katika kitabu cha 3 cha Rigveda, mojawapo ya Veda, huhesabiwa kuwa na mishororo 3 ya silabi 8, lakini mshororo wa kwanza, kama ulivyoandikwa, una silabi 7, na hutimia tu neno "varenyam" likivutwa kuwa "vareniyam". Juu ya hayo kuna viimbo 3 vya kupandisha na kushusha sauti. Kisutu, mzee alitukatiza na kuturudisha mwanzo kila tulipoteleza, kama ustadhi wa chuoni anavyomrudisha mwanafunzi aliyekosea kutamka herufi. Rekodi haimkatizi mtu.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 katika jarida la British Medical Journal ulionyesha kwamba kusali rozari kwa Kilatini na kukariri mantra ya Kibudha, vyote viwili, vilipunguza kasi ya kupumua hadi takriban mara 6 kwa dakika. Wanaoutaja utafiti huo hapa kama ushahidi wa upekee wa Veda huiacha rozari pembeni, na husahau pia kwamba waliopimwa walikuwa wakikariri wenyewe, si kusikiliza.

Sidai kwamba ya nyumbani yote yalikuwa mema. Kwa karne nyingi mafunzo haya yalihodhiwa na wanaume wa matabaka ya juu, na nawashukuru Arya Samaj, vuguvugu la mageuzi ya Kihindu lililoanza Bombay mwaka 1875, kwa kuwafungulia mlango wanawake na watu wa kila tabaka.

Kinachonitatiza ugenini ni saa. Gayatri humwelekea Savitar, mungu wa jua, nayo husomwa alfajiri. Dar es Salaam jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima, ilhali hapa mwezi Desemba huchomoza baada ya saa mbili asubuhi, wengi wetu tukiwa tayari kazini. Wapo wanaoihamishia Jumapili hekaluni. Mimi naona afadhali isomwe gizani kabla ya zamu, kwa sauti, na mtoto akiwa kando ili akosolewe.