Kofia Hii Haivuliwi

Naandika haya nikiwa nimeketi mezani kwangu, ndani ya nyumba yenye joto la kutosha, nikiwa nimevaa kofia nyeusi ya White Sox, timu ya besiboli ya Chicago, iliyoshuka hadi kwenye nyusi, na ninaomba nisiulizwe. Mke wangu ameshauliza. Watoto wameshauliza. Jirani niliyepanda naye lifti jana aliuliza kwa macho tu, kisha akashuka ghorofa moja kabla ya ile yake. Msimu wa besiboli wa mwaka 2026 unaanza mwishoni mwa mwezi huu wa Machi, na mimi niliyekuwa nimejiandalia maoni mazito juu ya msimu huo, kama inavyompasa mtu mzima, nimejikuta maoni yangu yote yamehamia kichwani, upande wa nje.

Aliyehamia upande wa kusini wa Chicago hachagui timu. Hukabidhiwa pamoja na funguo za nyumba. Nilishuka uwanja wa ndege Januari 2006 nikiwa na koti la kuazima, nikaukuta mtaa mzima bado una uchovu wa sherehe, kwa kuwa Oktoba iliyotangulia White Sox walikuwa wamewashinda Houston Astros mechi nne kwa bila na kutwaa ubingwa wa kwanza tangu mwaka 1917. Niliambiwa nimefika wakati mzuri. Miaka ishirini imepita nikiungoja wakati huo mzuri. Katika muda wote huo tumeingia hatua ya mtoano mara tatu, mwaka 2008, 2020 na 2021, na mara zote tatu tuliondoka kabla viti havijapata joto. Mwaka 2024 tulipoteza mechi 121 kati ya 162, jambo ambalo hakuna timu nyingine ya ligi kuu imelifanya tangu karne ya ishirini ianze, na ndani ya balaa hilo tulipoteza mechi 21 mfululizo, tukaifikia aibu ya Baltimore Orioles ya mwaka 1988. Mwaka jana tulipoteza 102, na watu wakatupa pongezi.

Ninavumilia kwa sababu mimi ni mtu wa Tanga. Timu yangu ya nyumbani ni Coastal Union, iliyochukua ubingwa wa Tanzania mwaka huohuo wa 1988, wakati Orioles wakidhalilika upande huu wa bahari, na kuanzia hapo imekuwa ikitulea katika subira. Mtoto aliyekuzwa hivyo hawezi kutishwa na mechi 121.

Kinachonitisha ni mambo mengine. Tiketi ya dola kumi na mbili hubebeshwa ada ya huduma, ada ya kushughulikia oda na ada nyingine ambayo jina lake limeandikwa kwa herufi ndogo kama dawa ya panya. Kuangalia mechi nyumbani kunadai vifurushi vitatu, na mechi unayoitaka iko kwenye cha nne. Yule mrushaji wetu hodari, Garrett Crochet, aliyemaliza mwaka 2024 kwetu akiwa na ushindi sita na vipigo kumi na viwili, tukampeleka Boston, na mwaka jana akiwa huko akashinda mechi kumi na nane, akapoteza tano; ni yale ya mbuzi uliyemwuza kwa kukonda, ukamkuta kwa jirani anang'aa na hataki hata kukutazama. Hayo yote niliyameza. Kinyozi ndiye aliyenikwama kooni.

Kinyozi wangu ni mtu wa Lubumbashi. Amekulia kwenye mapenzi ya TP Mazembe, timu iliyofika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu mwaka 2010, kwa hiyo ushindi kwake ni kitu cha kawaida kama chumvi mezani. Alihamia Chicago katikati ya Septemba 2016, akapata chumba upande wa kaskazini kwenye timu ya Cubs, na mwanzoni mwa Novemba Cubs wakatwaa ubingwa walioukosa tangu mwaka 1908. Kuna watu waliozaliwa, wakaoa, wakazeeka na wakazikwa wakiungoja ubingwa ule. Yeye aliungoja wiki saba. Hadi leo anaamini aliuleta ndani ya sanduku lake, na anaamini vilevile kwamba mimi niliyefika miezi mitatu baada ya ubingwa wa Sox ndiye niliyewaletea mkosi, na nadharia hiyo huieleza kwa sauti kila Jumamosi mbele ya wateja, akinielekezea kitana.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kupunguza nywele tu. Nilitaka namba mbili kote, na kingo zichongwe vizuri, nipate sura ya mtu anayeweza kuhudhuria mechi ya ufunguzi. Alinifunga shuka shingoni, akawasha mashine, akaanza.

"Papa, mwaka huu tena munataka kulia?"

Kwao Lubumbashi mwanamume yeyote wa heshima huitwa papa. Kwetu Tanga papa ni samaki, na akikaushwa, harufu yake hufika nyumbani kabla ya aliyemnunua. Nilijibu kwa utulivu kwamba safari hii tumemsajili Munetaka Murakami, Mjapani aliyevusha ukuta mipira 56 katika msimu mmoja wa mwaka 2022 huko kwao, kwa dola milioni 34 za miaka miwili.

"Sasa huyo alikosea watu gani, mpaka wakamutuma kwenu?"

Wateja walicheka, nami nikacheka kidogo kwa ustaarabu. Akaendelea kwamba hata Papa mwenyewe analia. Nikauliza Papa yupi, mimi au samaki. Alikuwa anamaanisha Papa Leo wa Kumi na Nne, mzaliwa wa Chicago, ambaye ni shabiki wetu wa kweli na kamera za televisheni zilimnasa uwanjani kwenye mechi ya kwanza ya fainali ya mwaka 2005. "Papa wa Roma iko na Sox, na mulipoteza mechi 102. Nani tena atawaombea?" Swali hilo sikuwa na jibu lake, na ninakiri kwamba hata msikitini kwetu sijalipata.

Tulipatana kwenye jambo moja tu, la kuwachukia Los Angeles Dodgers, mabingwa wa mwaka 2024 na 2025. Nilimweleza jinsi nyota wao Shohei Ohtani alivyosaini mkataba wa dola milioni 700 za miaka kumi, anachukua milioni mbili tu kila mwaka, na zile 680 zilizobaki atalipwa kuanzia mwaka 2034 hadi 2043. Kinyozi alizima mashine ili asikie vizuri. Mama mmoja aliyekuwa amemleta mwanawe kunyolewa akasema kwamba huo ni upatu, na huyo kijana amekubali kuwa wa mwisho kupokea. Kimya kikatanda. Kila aliyekuwamo ndani alimkumbuka kijumbe mmoja aliyehama mtaa usiku, na tukamhurumia Ohtani kwa dhati kwa muda wa kama nusu dakika.

Laiti ningenyamaza hapo. Lakini ulimi wa shabiki hauna mlango, nami nilikuwa bado sijasema lile ninaloliona kuwa jambo kubwa kuliko yote ya msimu huu, yaani haki mpya ya kukata rufaa. Kuanzia mwaka huu, mwamuzi anayesimama nyuma ya mdakaji akisema mpira umepita eneo halali, hivyo uhesabiwe dhidi ya mpigaji aliyeuacha, na mpigaji akaona si kweli, mpigaji huyo ana ruhusa ya kupinga papo hapo bila kuongozwa na kocha, na vivyo hivyo mrushaji na mdakaji. Kamera zinaangalia mpira ulipita wapi, eneo lenyewe likiwa limepimwa kwa kimo cha mpigaji, kuanzia asilimia 27 ya urefu wake hadi asilimia 53.5, na jibu linaonyeshwa kwenye skrini ya uwanja kila mtu aone. Timu ina rufaa mbili. Ukipatia, inabaki nayo, ukikosea, imekwenda. Ishara ya kukata rufaa ni kugonga kofia kwa mkono.

"Anagonga namna gani?" kinyozi aliuliza. Alikuwa ameshaondoa kile kitana cha namba mbili na mashine ilikuwa uchi, tayari kwa kingo.

Mwalimu ndani yangu aliamka. Nilitoa mkono chini ya shuka nikagonga utosi wangu, taratibu, mara moja.

Sasa ieleweke kwamba huyu mtu amenyoa maelfu ya vichwa vya watu wasiosikilizana naye lugha, na kwa miaka kumi amejifunza kwamba mteja akigusa mahali, maana yake ni hapo pana nywele zilizosahaulika. Mkono wake haukumngoja. Nilisikia ubaridi ukipanda kutoka kwenye paji la uso hadi utosini, barabara nyoofu isiyo na kona, na shungi zima likaniangukia mapajani.

Nilipinga. Nilipinga kwa ishara ileile iliyokuwa bado mkononi, kwa sababu mshtuko ulikuwa umefunga kinywa. Niligonga tena. Akapita tena, kandokando ya ile ya kwanza, akaipanua barabara ikawa njia mbili.

Rufaa zangu mbili ziliishia hapo.

Kilichofuata sikitamani hata kwa shabiki wa Cubs. Nilisimama na shuka shingoni nikamwambia mambo ambayo sitayaandika, naye akanijibu kwa upole unaoudhi, "Papa, kichwa iko yako, lakini uligusa wewe mwenyewe." Kijana mmoja aliyekuwa kwenye benchi alisema asibishe mtu, yeye alikuwa anarekodi tangu ile habari ya upatu. Simu ikaletwa. Watu saba wakaizunguka, akiwamo yule mama na mwanawe mwenye povu kisogoni, wakairudisha picha nyuma mara tatu, mara ya mwisho polepole. Mkono wangu ulionekana vizuri ukitoka chini ya shuka na kugonga. Hukumu ikatoka kwa kauli moja kwamba uamuzi wa kinyozi unasimama kama ulivyo.

Mzee mmoja wa Uganda ndiye pekee aliyenionea huruma, akasema rufaa ngumu anayoijua yeye ni ya viza, akakumbusha kwamba mwaka 2011 watoto wa kwao walifuzu kuja kucheza fainali za dunia za besiboli ya watoto kule Williamsport na viza zikakataliwa, mpaka wenzao wa Lugazi walipofika mwaka uliofuata. Watoto wale hawakuwa na kofia ya kugonga. Tuliafiki sote kwa kichwa, mimi kwa changu kama kilivyokuwa. Kisha nikalipa bei kamili.

Kinyozi alijitolea kunyoa kilichobaki bila malipo, kiwe kipara kimoja kilichokamilika. Nilikataa. Mke wangu naye anasisitiza jambo hilohilo, anasema nimalize kazi nipumzike. Hawaelewi. Kunyoa chote ni kukubali hukumu, na mimi sikubali, kwa sababu sikukata rufaa, nilikuwa nafundisha! Nilikuwa natoa elimu bure kwa watu wazima! Na huku kwingine ndiyo haki ileile ya kipuuzi, kwamba timu iliyopoteza mechi 324 katika misimu mitatu inapewa rufaa mbili, na Dodgers waliokwisha kushiba nao wanapewa rufaa mbili, halafu tunaambiwa huo ndio usawa. Usawa gani? Aliyekula juzi na aliyekula mwaka 2005 wanagawiwa kijiko kimoja kimoja! Wagawe kwa vipigo. Kila vipigo kumi, rufaa moja. Sisi tungeanza msimu na kumi, tukazitumia zote kabla ya mapumziko ya kwanza, lakini angalau tungekuwa tumesikilizwa, na Murakami naye angeona kwamba amekuja mahali penye watu.

Nimepiga hesabu. Nywele za binadamu hukua kama sentimita moja kwa mwezi, hivyo siku ya mechi ya kwanza nyumbani, pale mtaa wa 35, barabara yangu itakuwa bado changarawe tupu. Baridi ya siku hizo inaruhusu kofia, hilo ni jema, isipokuwa kuna ule wakati wa wimbo wa taifa ambapo kila mwanamume uwanjani huvua kofia na kuiweka kifuani, na kamera hupita safu kwa safu zikitafuta sura za wazalendo. Mama yangu hutazama vipande hivyo kwenye simu kule Tanga. Hajui besiboli ni nini lakini hunitafuta mimi.

Kwa hiyo nimechagua kiti cha safu ya juu kabisa, karibu na mbingu, mahali ambapo hata mpira hauonekani vizuri, sembuse utosi. Jana usiku nilifika mahali pa kulipia. Tiketi ilikuwa dola kumi na mbili. Jumla iliyotokea chini ilikuwa ishirini na moja na senti. Niliitazama kwa muda mrefu, kisha nikainua mkono nikagonga kofia, mara moja, halafu mara ya pili kwa nguvu zaidi. Mke wangu akauliza kutoka chumbani nagonga nini. Skrini ikaandika kwamba nimebakiwa na dakika mbili kukamilisha malipo.